Mangungo wa Msovero, nauli ya Mwalimu na wabunge wetu wa safari

Nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani, Ruaha. Kwa wasiopajua, siizungumzii ile Ruaha ya hifadhi ya wanyama kule Iringa. Nasema Ruaha ya wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi, mji wetu ulio kando ya mto Ruaha Mkuu. Ukitoka Mikumi unashuka kama unakwenda Ifakara, milima ya Udzungwa ipo mbele yako, na kila unakogeuza macho ni miwa. Ukivuka daraja uko Kidatu, upande wa Kilombero.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa. Redio ikatangaza kwamba wabunge fulani wamesafiri kwenda nje kuiwakilisha nchi kwenye mkutano wa mabunge. Mzee mmoja, mkulima wa miwa tangu sijazaliwa, akaweka kikombe chini.

"We mjukuu, si unajiita mwandishi wa habari?"

"Ndiyo, babu."

"Basi niambie. Hawa wanaokwenda huko, wanakwenda kumsemea nani?"

Nikajibu kisomi kwamba hiyo inaitwa diplomasia ya kibunge. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akauliza tena, "Hiyo diplomasia inafika mpaka kwenye mizani ya miwa, au inaishia uwanja wa ndege?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, babu nipe muda nikasome. Nimesoma, na haya ninayoandika leo ndiyo majibu niliyompelekea. Ni marefu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

MKATABA WA KWANZA ULISAINIWA KWETU

Watanzania wote tunaujua msemo wa "mikataba ya Kimangungo". Serikali ikisaini mkataba mbovu wa madini au wa umeme, mtu wa kwanza kutukanwa ni Chifu Mangungo. Wengi wanaoutumia msemo huo hawajui kwamba Mangungo alikuwa wa kwetu. Msovero, ambayo siku hizi huandikwa Msowero, iko wilaya ya Kilosa. Usagara yote ile ndiyo nyumbani.

Novemba 1884 kijana wa Kijerumani aitwaye Carl Peters, umri wake miaka 28, alivuka kutoka Zanzibar akiwa na wenzake wachache. Hakutumwa na serikali ya nchi yake. Alitumwa na chama cha watu binafsi kilichotaka makoloni. Wakapita kwa machifu wa Usagara na majirani zao wakiwa na zawadi, vinywaji na karatasi. Tarehe 29 Novemba 1884 Mangungo akaweka alama yake kwenye karatasi moja. Ilisema kwamba yeye hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba anaikabidhi nchi yake na haki zake zote kwa chama cha Wajerumani. Lugha iliyotumika hakuijua, na maandishi hakuweza kuyasoma.

Peters akarudi Ulaya na mikataba kama 12 ya namna hiyo. Wakati huo mataifa makubwa yalikuwa kwenye Mkutano wa Berlin. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Mfalme wa Ujerumani akatoa barua ya kukilinda chama cha Peters na maeneo iliyokuwa imeyapata. Sultani Barghash wa Zanzibar alilalamika. Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar, na malalamiko yakaisha.

Nimeurudia mkasa huu kwa sababu moja. Tumezoea kumlaumu Mangungo kwa ujinga. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa kwenye namna jambo lenyewe lilivyofanyika. Mangungo alikuwa peke yake. Hakukuwa na baraza la Usagara la kuupitia mkataba ule kabla haujawa mkataba. Pale Berlin, ambako dunia ilikuwa inagawana Afrika, hakukuwa na Msagara, wala Mluguru, wala Mwafrika yeyote mwenye kiti. Kwa hiyo mambo mawili yalikosekana: mtu wetu kwenye meza ya mbali, na watu wa nyumbani wa kumuuliza, "Umetuletea nini?" Yashike haya mawili, maana historia yote iliyobaki inayazunguka.

NAULI YA MWAKA 1955

Ikapita miaka 70. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Hapo mlango mdogo ukafunguka. Nchi iliyo chini ya udhamini ilikuwa na haki ya kupeleka malalamiko New York. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda huko kuwasemea Wameru walionyang'anywa ardhi yao. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini njia ilikuwa imejulikana.

Mwaka 1955 ikawa zamu ya TANU. Chama kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umetembelea Tanganyika mwaka 1954 na kupendekeza kwamba nchi ijitawale baada ya miaka 20 hadi 25 hivi. Waingereza wakaona miaka hiyo ni michache mno! TANU ikataka mtu wa kusema mbele ya Baraza la Udhamini, na mtu huyo akawa Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu. Tatizo likawa nauli. Wanachama wakachanga, mwenye shilingi akatoa shilingi, mwenye senti akatoa senti.

Tarehe 7 Machi 1955 Nyerere akasema mbele ya Baraza. Aliporudi alisimama Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, mbele ya umati, akawaeleza alichokwenda kufanya. Muda mfupi baadaye akaacha kazi ya ualimu.

Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Watu walichanga, mtu akaenda, akasema, akarudi, akatoa taarifa kwa wale wale waliochanga. Huyo hakuwa mbunge wa kuchaguliwa. Lakini kama unatafuta kipimo cha mwakilishi wa watu anayekwenda nje, sijaona kizuri kuliko hicho.

MBUNGE WETU ALIYEKUWA LONDON

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata mimi sikulijua mpaka nilipoanza kufuatilia swali la mzee. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulianza Septemba 1958. Ulikuwa uchaguzi wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wakati ule Kilosa ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, pamoja na Morogoro, Ulanga, Rufiji, Bagamoyo na kwingineko. Unajua nani aligombea nafasi ya Mwafrika katika Jimbo la Mashariki? Nyerere mwenyewe. Alishindana na Patrick Kunambi, mtu mzito wa Uluguru, akamshinda.

Kwa maneno mengine, mwakilishi wa Wanakilosa kwenye chombo cha kutunga sheria alikuwa Mwalimu. Na huyo mwakilishi wetu hakukaa nyumbani tu. Tarehe 26 Juni 1959 alikuwa London, kwenye ukumbi wa Holborn, akiwa mmoja wa wasemaji katika mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Padri Trevor Huddleston naye alisema siku ile. Kampeni hiyo ndiyo iliyokua ikawa chama cha Waingereza cha kupinga ubaguzi wa rangi, kilichoitesa serikali ya makaburu kwa miaka 35.

Machi 1961, nchi ikiwa haijapata uhuru, Nyerere aliandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika isingeweza kujiunga na Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini ya ubaguzi ingebaki humo. Siku chache baadaye Afrika Kusini ikaondoka. Sisemi ni makala moja iliyoiondoa, maana nchi nyingine nazo zilikuwa zimekaza. Ninachosema ni kwamba nchi ambayo haikuwa hata na bendera ilisikika London.

Maneno yale yalikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilikuja kulipwa hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1969 chama cha ANC kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mjini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wakimbizi wa Afrika Kusini walipewa ardhi Mazimbu wakajenga shule, baadaye wakapata na Dakawa, kwenye barabara ya kwenda Dumila. Watu wa Morogoro waliishi na wageni hao miaka na miaka. Mwakilishi akiahidi kitu ugenini, mwenyeji ndiye anayekuja kupika.

Mwaka ule ule wa 1958 aliingia Barazani pia Amir Jamal, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Morogoro kwa muda mrefu. Alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1965 hadi 1972, na akarudi kwenye wizara hiyo baadaye. Huyu alikaa kwenye meza ambazo wengi wetu hatuzijui. Alikuwa mjumbe wa Tume ya Brandt iliyochunguza uhusiano wa nchi tajiri na maskini, na mwaka 1980 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa mwaka wa IMF na Benki ya Dunia. Ukisimama Ruaha ukatazama ng'ambo, kuna bwawa la umeme la Kidatu, megawati 204. Lilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha ambazo sehemu yake zilitoka Sweden na Benki ya Dunia. Nguzo za umeme wake zilipita juu ya vijiji vingi ambavyo vilibaki na vibatari miaka mingi. Hapo ndipo nilipoanza kulielewa vizuri swali la mzee. Mtu wetu anaweza kukaa kwenye meza kubwa kabisa, na bado kinachotoka mezani kikatupita juu ya kichwa.

MEZA ZIMEKUWA NYINGI

Mabunge ya dunia kukutana siyo jambo jipya. Umoja wa Mabunge Duniani, unaojulikana kama IPU, ulianzishwa Paris mwaka 1889 na Mwingereza William Randal Cremer na Mfaransa Frédéric Passy. Wote wawili walikuja kupata tuzo ya Nobel ya amani. Wazo lao lilikuwa jepesi: serikali zikinuniana, wabunge wanaweza bado kuzungumza. Angalia mwaka wenyewe lakini. Mwaka 1889, wabunge wa Ulaya wakizungumza amani Paris, huku pwani yetu Abushiri alikuwa anapigana na Wajerumani, na mwezi Desemba walimnyonga Pangani.

Baada ya uhuru Bunge letu likajiunga na dunia hiyo. Spika aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikuwa jirani yetu wa Iringa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, tangu 1962 hadi 1994, ukiondoa miaka miwili katikati. Fuvu la babu yake, Mkwawa, lilikuwa limeandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, likarudi mwaka 1954, na yeye Adam Sapi ndiye aliyelipokea. Kwa hiyo alijua miaka mingapi inaweza kupita kati ya karatasi kusainiwa Ulaya na kitu kufika nyumbani. Miaka ile miwili ya katikati, 1973 hadi 1975, Spika alikuwa Erasto Mang'enya, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa.

Wakati wa chama kimoja mambo ya nje yalikuwa ya Rais na waziri wake. Mbunge alikwenda mkutanoni, akapiga picha, akarudi. Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 2000. Novemba 2001 Bunge la Afrika Mashariki lilizinduliwa Arusha, na Spika wake wa kwanza akawa Mtanzania, Abdulrahman Kinana. Machi 2004 likaja Bunge la Afrika, na Rais wake wa kwanza akawa Mtanzania mwingine, Mama Gertrude Mongella, mbunge wa Ukerewe. Mwaka 2007 Dk. William Shija, aliyewahi kuwa mbunge wa Sengerema, akawa Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola, kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 2014. Mwaka 2009 chama hicho kilifanya mkutano wake mkuu Arusha. Na tarehe 27 Oktoba 2023, kule Luanda, Spika Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Rais wa IPU, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushika kiti hicho tangu akina Cremer waanzishe umoja wao.

Ukiangalia orodha hiyo huwezi kusema Tanzania haina sauti. Nchi chache za Afrika zina orodha kama hiyo. Lakini mzee hakuniuliza nani alikalia kiti. Aliniuliza habari za mizani ya miwa. Haya, twende huko.

SUKARI INAAMULIWA WAPI?

Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianza mwaka 1960. Kwa miaka mingi ilikuwa na viwanda viwili, na mto wetu unapita katikati: Msolwa uko upande wa Kilombero, Ruembe uko upande wa Kilosa. Serikali ilikuja kuimiliki, kisha mwaka 1998 ikauza sehemu kubwa kwa wawekezaji wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini. Mkulima mdogo anakata miwa, anapeleka kiwandani, miwa inapimwa uzito na utamu, analipwa. Ukimuuliza bei inapangwa wapi atakuonyesha kiwandani kwa kidole. Kumbe kidole kinatakiwa kuzunguka mara tatu.

Meza ya kwanza ilikuwa Brussels. Mwaka 1975 nchi za Ulaya zilikubaliana na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki kununua kiasi maalumu cha sukari kwa bei ya Ulaya, iliyokuwa juu kuliko ya soko la dunia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zenye mgawo. Kisha Novemba 2005 Ulaya ikaamua kupunguza bei hiyo kwa asilimia 36 ndani ya miaka minne kuanzia 2006. Mwaka 2007 ikatangaza kuuvunja mkataba wenyewe, na mwaka 2009 ukaisha. Nchi maskini zikaruhusiwa kuingiza sukari bila kikomo na bila ushuru, lakini ile bei nzuri ikawa imeshakatwa.

Palikuwa na Bunge la pamoja la nchi hizo na Ulaya, ambalo kila nchi ya kwetu ilipeleka mwakilishi mmoja na ambalo lilikutana mara mbili kwa mwaka. Sukari ililalamikiwa sana mle ndani. Bunge lile lilikuwa na uwezo wa kushauri tu, bei haikurudi. Hata hivyo kelele za nchi zilizoumia hazikwenda bure zote: Ulaya ilitenga fedha za kuzisaidia nchi 18 zilizokuwa na mgawo, na Tanzania ilikuwamo.

Meza ya pili iko Arusha. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na sheria yake ya usimamizi wa forodha ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2004. Chini ya utaratibu huo sukari iliwekwa kwenye bidhaa nyeti, inayotoka nje ya Jumuiya ikatozwa ushuru wa asilimia 100. Ushuru huo ndio ukuta unaomlinda mkulima wa Ruaha asipigwe na sukari ya bei ya kutupa kutoka mbali. Mawaziri wa nchi za Jumuiya wanaweza kukubaliana kuushusha ukuta kwa muda, pale nchi inapopungukiwa. Sasa niambie, wangapi Ruaha wanawajua kwa majina wabunge 9 wa Tanzania kule Arusha? Hawachaguliwi na sisi. Wanachaguliwa na Bunge la Dodoma, na kwa mujibu wa mkataba wa Jumuiya hawatakiwi kuwa wabunge wa Dodoma. Hawana jimbo. Hakuna mkutano wa kijiji ambao wanalazimika kuukabili.

Meza ya tatu ni Dodoma yenyewe. Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Kwangu mimi hicho ndicho kifungu cha Mangungo, ingawa hakikuandikwa jina lake. Na kuna siku kilifanya kazi. Ulaya na Afrika Mashariki zilimaliza mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi, EPA, mwaka 2014. Mkataba ulizitaka nchi zetu zifungue asilimia 82.6 ya soko kwa bidhaa za Ulaya, hatua kwa hatua. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa ameandika akiupinga. Novemba 2016 mkataba ukafikishwa bungeni, ukajadiliwa hadharani, na Bunge likaazimia kwamba Serikali isisaini. Wabunge wa chama tawala na wa upinzani walikuwa upande mmoja, jambo ambalo halikutokea mara nyingi miaka ile.

Unaweza kusema uamuzi ule ulikuwa sahihi, unaweza kusema tulijichelewesha, maana Kenya ilikuja kusaini mkataba wake yenyewe na Ulaya Desemba 2023. Wachumi wanabishana hadi leo. Lakini tofauti na mwaka 1884 ilikuwa kubwa. Safari hii karatasi ilisomwa, na watu wa redio kule Ruaha tulisikia kilichoandikwa kabla haijasainiwa.

WAZIRI NI MMOJA, MBUNGE NI MWINGINE

Wilaya yetu siku hizi siyo ngeni kwa mambo ya nje. Profesa Palamagamba Kabudi, aliyechaguliwa mbunge wa Kilosa mwaka 2020, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2019 hadi 2021. Dennis Londo, aliyechaguliwa Mikumi mwaka huo huo wa 2020, mwaka 2024 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Kutoka wilaya ya Mangungo mpaka wizara inayosaini mikataba, ni safari ndefu na tunayo haki ya kujivunia.

Tusichanganye lakini. Mbunge akiwa waziri, ugenini anasema msimamo wa Serikali. Hawezi kusema vinginevyo. Mbunge asiye waziri akienda IPU au Bunge la Afrika anakwenda kwa niaba ya Bunge, yaani kwa niaba yetu, na humo anaweza kukaa mpinzani na mtu wa chama tawala kwenye ujumbe mmoja. Anaweza kuuliza swali ambalo balozi angelimeza, na kusikia mapema jambo linalokuja. Hiyo ndiyo thamani ya safari hizi, na ndiyo maana siungani na wanaosema zifutwe zote kwa sababu ya posho. Ukifuta kiti, meza haifungwi. Wenzako wataendelea kula na wewe utaletewa makombo na bili.

Ninachopigania ni ile nusu ya pili ya safari ya 1955. Nimezaliwa Ruaha, nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara nikiwa mtoto na nikiwa mwandishi. Nimesikia habari za zahanati, barabara, maji, tembo wanaoingia mashambani. Sijawahi kumsikia mtu akisimama na kusema: nilikwenda mkutano fulani, hili lilisemwa kuhusu sukari, mimi nilisema hivi, wenzetu walijibu hivi, jiandaeni. Wala sijawahi kumsikia mwananchi akiuliza, mimi nikiwemo. Tunamuuliza mbunge habari za kisima, na ni haki yetu. Hatumuulizi habari za ukuta wa ushuru, ambao ukianguka kisima hakitatusaidia kulipa ada za watoto.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini, mvua zilikuwa zimeharibu msimu. Bei ikapanda vibaya. Sisi tunaoishi katikati ya miwa tulikunywa chai ya chumvi kama watu wengine. Juni mwaka huo Bunge likabadili sheria ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uweze kuagiza na kuhifadhi sukari. Kwa mlaji wa mjini hiyo ni nafuu. Kwa mkulima wa miwa ni swali: itaingia kiasi gani, na lini? Ikiingia wakati wa mavuno, nani atanunua yetu? Huyu mkulima na yule mlaji wote ni Watanzania, na mara nyingine wanaishi nyumba moja. Majibu yanahitaji mtu anayekaa kwenye meza za Arusha na Dodoma na ambaye pia amekaa kwenye benchi la Ruaha.

Nilirudi kijiweni na haya yote. Nilimsimulia mzee habari za Mangungo, akaniambia anazijua tangu utoto, isipokuwa hakuwahi kuambiwa kwamba kesho yake ya kufungwa mkutano wa Berlin ndiyo barua ya mfalme ilitoka. Nilipomweleza kwamba Mwalimu alikuwa mwakilishi wetu mwaka 1958 alitikisa kichwa. "Kaka yangu alimpigia kura," akasema. Nilipofika kwenye asilimia 100 ya Arusha aliniomba nirudie mara mbili. Kisha akageukia vijana waliokuwa wanasubiri abiria wa bodaboda.

"Mmesikia? Mkutano ujao msiulize maji tu."

Basi, hilo ndilo jibu langu, na pia jibu lake. Nauli siku hizi hatuchangi mkononi, inakatwa kwenye kila kilo ya sukari tunayonunua. Waliochanga mwaka 1955 walisubiri Mnazi Mmoja wakaambiwa. Na sisi tusubiri kuambiwa, na tusipoambiwa tuulize. Tukutane tena wakati mwingine.